NAMBA MOJA TOKA MWANZO HATA MWISHO
Somo kwa wanachama: jinsi ya kuufuata ujumbe upitao katika mitambo mingi

Wanachama wenzangu,

Wengi wenu mlipata habari ya fedha za majamvi zilizopotea njiani msimu uliopita, na wengine mliipata ikiwa imekwisha tiwa chumvi. Kamati imeniagiza niiandike kama ilivyokuwa, tena niifanye somo, kwa kuwa lililotupata sisi laweza kumpata kila mtu atumaye au apokeaye fedha kwa simu; na siku hizi hapana mkulima wa karafuu asiyekuwamo katika jambo hilo. Nitasema kwanza yaliyotokea, kisha nitaeleza sababu yake, na mwisho nitataja mambo yatupasayo kuyashika.

1. Yaliyotokea

Chama kiliagiza majamvi 60 ya kuanikia karafuu kwa bibi mmoja wa Kibiti, mji ulio kwenye barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara. Bibi huyu hukusanya majamvi ya wanawake wanaosuka katika vijiji vya delta ya Rufiji, na kazi yake twaijua kuwa ni njema. Tulipatana shilingi 480,000, zilipwe kabla mzigo haujaondoka.

Jumatano saa nne asubuhi nilizituma fedha hizo kutoka akaunti ya Chama iliyo benki kwenda simu ya bibi. Mara ile ile benki ikaniletea ujumbe kwamba fedha zimekatwa. Nikampigia bibi kumjulisha. Akajibu, "Mwanangu, hapa kwangu hakijaingia kitu." Nikamwomba asubiri. Adhuhuri ikafika, hakuna. Usiku ukaingia, hakuna.

Alhamisi nilikwenda benki. Karani akatazama mtambo wake akasema, "Fedha zimetoka kwetu. Waulize watu wa simu." Nikawapigia watu wa simu. Wakasema, "Kwetu hazijafika. Waulize benki." Ijumaa nikarudia safari ile ile, nikapewa majibu yale yale. Kila mmoja alisema kwa adabu, na kila mmoja alikuwa na hakika.

Katika kamati maneno yakawa mengi. Mmoja alisema bibi amekwisha zipata, anatuficha. Mwingine alisema zitumwe nyingine upesi, maana karafuu zimekwisha chumwa. Na mimi mwenyewe, hili naliandika kwa haya, nilimpigia bibi kwa sauti isiyonipasa, nikamwuliza kama ana hakika na maneno yake. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, miaka ishirini nauza majamvi, sijala haki ya mtu. Kama huniamini, tafuta wengine." Akakata simu.

Siku hizo zote karafuu hazikutungojea. Wanachama waliokuwa wakiyategemea majamvi yale walikuwa wamekwisha chambua, na karafuu mbichi zikabaki ndani ya magunia. Kila mmoja wetu anajua matokeo yake: karafuu mbichi zikilundikwa hupata moto na kuvunda, na rangi yake huharibika, hata zikija kuanikwa haziingii tena daraja la kwanza. Magunia manne yaliharibika hivyo, na wenyewe ni watu wenye mikarafuu michache.

Jumatatu, pale benki, nilimkuta karani mwingine, kijana. Yeye hakuniambia fedha zimetoka wala hazikutoka. Aliniuliza, "Ule ujumbe tuliokuletea Jumatano unao bado? Nisomee ile namba ndefu ya mwisho." Nikamsomea. Akaandika namba hiyo katika barua yake kwa mtambo wa kati, na mtambo wa kati ukawapelekea watu wa simu pamoja na namba yake. Kabla ya saa nane mchana jibu likarudi, na alasiri bibi akapata fedha zake. Kazi ya siku tano ilimalizwa na namba moja kwa muda wa saa chache.

2. Njia ya ujumbe

Sasa tutazame sababu. Watu husema "nimekutumia pesa," tukadhani kwamba kuna kitu kilichoruka kutoka simu hii hata simu ile. Kumbe hapana noti iliyosafiri. Kilichosafiri ni ujumbe, yaani maneno machache yasemayo: mtu huyu apunguziwe kadha, mtu yule aongezewe kadha.

M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2008, ujumbe huo ulizunguka ndani ya nyumba moja. Mtumaji na mpokeaji walikuwa wateja wa kampuni moja, na daftari lilikuwa la mwenyewe mmoja. Toka mwaka 2014 makampuni ya simu ya Tanzania yakaanza kupatana, mteja wa hii akaweza kumtumia mteja wa ile, na mabenki nayo yakaungana na makampuni ya simu. Jambo hili ni la faida kubwa, lakini safari ya ujumbe ikawa ndefu.

Tuhesabu mikono iliyoushika ujumbe wangu. Kwanza ni simu yangu. Pili ni mtambo wa benki unaopokea maagizo ya simu. Tatu ni mtambo wa benki wenye daftari la hesabu. Nne ni mtambo wa kati, uitwao swichi, unaojua kila benki na kila kampuni inakaa wapi. Tano ni lango la kampuni ya simu. Sita ni mtambo wa kampuni hiyo wenye hesabu za wateja. Saba ni mtambo mwingine wa kumpelekea bibi ujumbe mfupi wa kumjulisha. Kisha jibu nalo hapana budi lirudi njia ile ile, mkono kwa mkono, hata lifike kwangu.

Na hata ndani ya kampuni moja kazi haifanywi tena na kompyuta moja. Imegawanywa: mtambo mmoja hutazama neno la siri, mwingine hukadiria ada, mwingine huandika daftari, mwingine hutuma ujumbe. Kila mmoja una wasimamizi wake na daftari lake, kama katika ghala kubwa ambapo mtu wa mizani si mtu wa ankra, na mtu wa ankra si mtu wa mlango.

Anayeijua Rufiji ataelewa upesi. Mto ule ni mmoja hata ukaribie pwani. Huko hugawanyika ukaingia baharini kwa milango mingi, nao ni Simba Uranga, Kikunya, Msala na mingineyo. Ukitupa nazi mtoni huko juu, nani atakuambia imetokea mlango upi? Nazi zote zafanana. Lakini ukiichonga alama kwa kisu kabla hujaitupa, wavuvi wa kila mlango wataweza kukuambia: hii tumeiona, hii hatukuiona.

3. Kwa nini kila mmoja alisema kweli

Basi yaliyogunduliwa Jumatatu ni haya. Ujumbe ulitoka benki salama, ukapita swichi, ukaingia katika lango la kampuni ya simu. Mtambo wa hesabu za wateja siku hiyo ulikuwa umezidiwa na kazi, ukauweka ujumbe katika foleni. Swichi iliwekewa kungoja jibu kwa sekunde kadhaa tu, sekunde hizo zilipokwisha ikaandika, "mwisho wake haujulikani." Huku nyuma mtambo wa hesabu ukaona muda wa agizo umepita, ukaliacha. Benki nayo haikuweza kuzirudisha fedha, maana haikujua kama zimefika au hazikufika; ikaziweka katika hesabu ya kungojea, na huko zikakaa.

Tazameni. Karani wa benki aliposema "zimetoka" alisema kweli, maana katika akaunti yetu zilikuwa zimetoka. Watu wa simu waliposema "hazijafika" walisema kweli, maana katika hesabu ya bibi hazikuingia. Bibi alisema kweli kuliko wote. Hapakuwa na mwongo hata mmoja, na fedha hazikuwapo.

Shida ilikuwa kwamba kila mkono uliutafuta ujumbe kwa namba yake wenyewe. Benki ilikuwa na namba ya kwake, swichi ina ya kwake, na kampuni ya simu iliutafuta kwa namba ya simu ya bibi na kiasi cha fedha. Namba ya benki ukiipeleka kampuni ya simu haikuwa na maana yo yote, kama ufunguo wa nyumba nyingine.

Tena palikuwa na fitina ya saa. Mimi nilisema nilituma saa nne na dakika 14. Karatasi ya benki iliandika 10:14. Na daftari la mtambo mmoja liliandika 07:14, kwa kuwa mitambo mingi huwekwa katika saa ya dunia nzima, iliyo nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Mtu aliyetafuta ujumbe wa saa 10:14 katika daftari lile asingeuona kabisa, naye angeapa kwamba haukupita. Nyakati hizo tatu ni wakati mmoja.

4. Mfano wa zamani kutoka delta ile ile

Jambo la kuchanganya jumbe kwa kukosa alama si geni, na mfano wake mkubwa umo katika historia ya Rufiji yenyewe. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliipiga na kuizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, katika bandari ya Unguja. Kisha ikajificha ndani ya delta ya Rufiji, nyuma ya mikoko, mahali pasipoweza kufikiwa na manowari kubwa.

Waingereza wakaleta meli mbili zisizohitaji kina kikubwa cha maji, Severn na Mersey. Lakini wapigaji mizinga hawakuweza kuiona Königsberg kwa sababu ya miti. Ilibidi ndege iruke kutoka kisiwa cha Mafia, watu wake waangalie kila kombora linaanguka wapi, kisha wapeleke habari kwa simu ya upepo: limezidi, limepungua, kulia, kushoto. Nao wapigaji wafuate habari hiyo kurekebisha mizinga yao.

Siku ya kwanza, tarehe 6 Julai 1915, meli zote mbili zilipiga kwa pamoja. Makombora yakaanguka mfululizo, na mtu aliye juu akashindwa kujua hili ni la Severn au la Mersey. Akipeleka habari "limepungua," ni nani arekebishe? Habari ilikuwa kweli, lakini haikuwa na mwenyewe. Jioni waliondoka bila kumaliza kazi. Waliporudi tarehe 11 Julai walibadili mpango: meli moja ipige, nyingine ingoje. Safari hii kila habari ilijulikana ni ya kombora la nani. Ndege ile ilipigwa ikaanza kushuka, na mtazamaji wake akaendelea kupeleka habari hata ilipokuwa ikianguka. Siku hiyo Königsberg ikaangamia.

Waingereza waliponya shida yao kwa kupanga zamu. Sisi hatuwezi kufanya hivyo, kwa sababu fedha za watu elfu nyingi hutumwa kwa dakika moja, na haiwezekani kumwambia kila mtu angoje zamu yake. Imebaki njia ya pili: kila kombora lipewe alama.

5. Dawa yake

Dawa yenyewe kuieleza ni nyepesi. Ujumbe unapozaliwa, mkono wa kwanza uupe namba moja isiyofanana na nyingine yo yote. Kila mkono utakaoupokea uinakili namba hiyo bila kuibadili, uiandike katika daftari lake pamoja na saa ya kupokea na saa ya kutoa, kisha uipeleke kwa mkono unaofuata. Nalo jibu lirudi na namba ile ile.

Zaidi ya namba hiyo kuu, kila mkono huandika namba yake ndogo ya hatua, na namba ya hatua iliyoutangulia. Kwa namba kuu twajua ni ujumbe gani. Kwa namba za hatua twajua nani alipokea kwa nani. Baadaye ukikusanya karatasi za madaftari yote zenye namba kuu moja, ukazipanga kwa kufuata hatua, safari nzima hujitokeza mbele yako: hapa ilikaa sekunde moja, hapa mbili, na hapa iliingia isitoke. Hapo hakuna tena "waulize wenzetu."

Sisi tuliosoma chuoni kanuni hii si ngeni kwetu. Habari ilikuwa haipokewi mpaka itajwe sanadi yake: fulani kaipokea kwa fulani, naye kwa fulani, hata mwanzo wake. Sanadi ikikatika mahali pamoja, habari yote huingia shaka, hata wasemaji wawe watu wa kweli.

Mafundi wa kompyuta nao walifika hapo baada ya taabu. Mwaka 2010 mafundi wa Google walieleza kwa maandishi mtambo wao wa kufuatilia jumbe, waliouita Dapper. Mwaka 2012 kampuni ya Twitter ikatoa wake, Zipkin, uliofuata mfano wa Dapper, na ikaruhusu watu wote kuutumia. Baadaye ikaonekana kwamba kila kampuni ikiwa na mtindo wake wa kuandika namba, mlangoni pa kampuni nyingine namba hupotea. Kwa hiyo mwaka 2020 shirika la W3C, ambalo huweka kanuni za mtandao wa dunia, lilitoa kanuni ya pamoja. Kwa kanuni hiyo maandishi ya namba yana sehemu nne: ya kwanza ni aina ya kanuni, ya pili ni namba kuu, yenye tarakimu na herufi 32, ya tatu ni namba ya hatua iliyotangulia, yenye 16, ya nne ni alama ya kuonyesha kama safari hii inaandikwa.

Hiyo alama ya mwisho yataka maelezo. Kuandika kila safari ni gharama. Mafundi wa Dapper waliona kwamba kwa kutafuta mahali palipo pazito yatosha kuandika safari chache tu, na mwanzoni waliandika moja katika kila 1,024. Ni kama mkaguzi achukuaye konzi moja ya karafuu ili aijue hali ya gunia. Lakini konzi haitoshi pale kila punje ina mwenyewe. Katika mambo ya fedha kila safari hapana budi iandikwe, maana ile moja isiyoandikwa ndiyo itakayokuwa ya bibi wa Kibiti.

6. Mahali uzi unapokatika

Nimeuliza kwa wanaojua, nao wamenitajia mahali panne ambapo namba hupotea mara nyingi.

Pa kwanza ni mlangoni, kati ya kampuni na kampuni. Mkono mpya huupa ujumbe namba mpya, ukaitupa ya zamani. Kutoa namba mpya si kosa. Kosa ni kutoandika ile ya zamani kando yake.

Pa pili ni katika foleni. Ujumbe ukiwekwa kungoja, mara nyingine huwekwa maneno yake tu, na namba ikaachwa nje. Ukitoka foleni hauna baba wala mama.

Pa tatu ni mkononi mwa mwanadamu. Karani akiandika malalamiko katika kitabu, "mteja kasema fedha hazijafika," bila namba, uzi umekatika hapo, hata mitambo yote iwe mizuri.

Pa nne ni pale ujumbe unaporudiwa, na hapa ndipo nasi tungeumia. Kumbukeni yule aliyesema zitumwe fedha nyingine. Lau tungezituma, na ule ujumbe wa kwanza ukatoka foleni ukafanya kazi yake, tungelipa 960,000 badala ya 480,000. Mtambo mzuri ukirudia agizo huliruhusu libaki na namba yake ya mwanzo, na mpokeaji akiiona mara ya pili husema, "Hili nimekwisha lifanya," akajibu bila kuongeza fedha tena. Agizo lirudiwalo kwa namba mpya ni agizo jipya, na mitambo haina njia ya kujua nia yako.

Kuna onyo pia. Namba ya kufuatia isiwe na jina la mtu, wala namba ya simu, wala kiasi cha fedha. Namba hiyo itapita mikononi mwa wengi. Yapasa ionyeshe njia tu, isionyeshe siri ya mtu.

7. Nilivyofundishwa Kibiti

Baada ya mambo kutengenea niliona haya kubaki kisiwani. Nilivuka bahari, nikapanda basi mpaka Kibiti, nikabisha hodi kwa yule bibi. Nilimwamkia, nikamwambia, "Bibi, nimekuja kuomba radhi. Nilikudhania visivyo." Akanitazama, akasema, "Kaa kwanza, mwanangu. Umekula?"

Baada ya chakula alinionyesha majamvi yetu. Nikaona kila moja limeshonewa pembeni ukili mmoja wa rangi ya zambarau. Nikamwuliza ni urembo? Akacheka. Akaniambia kwamba kila agizo analolipokea hulipa rangi yake. Wanawake wanaomsukia wako vijiji mbalimbali, wengine huko Nyamisati, wengine Mbwera na Salale, na majamvi huja kwa mashua na kwa pikipiki, yamechanganyika na ya watu wengine. Kila msukaji hupewa ukili wa rangi ya agizo, naye huufunga fundo lake mwenyewe mwishoni. "Jamvi likichanika kwako Pemba," akasema, "niambie rangi na fundo. Rangi itaniambia ni mzigo wa nani, fundo litaniambia ni mkono wa nani."

Nilinyamaza. Yale yaliyowachukua mafundi wakubwa miaka mingi, namba ya safari na namba ya hatua, bibi ameyashona pembeni mwa jamvi. Na mimi ndiye niliyemwuliza kama ana hakika.

Huko Kibiti nilizungumza pia na wakulima wa korosho. Wao huuza kwa stakabadhi ghalani, mpango uliotungiwa sheria mwaka 2005 na kuanza kutumika kwa korosho msimu wa 2007/2008. Mkulima hupima katika chama cha msingi akapewa stakabadhi. Korosho huenda ghala kuu, huuzwa mnadani, na fedha hurudi kwa njia ya benki. Mkulima mmoja aliniambia neno nikaliweka: "Korosho zikiondoka mkononi, mali yangu ni karatasi hii." Nasi wa karafuu hatuna tofauti naye. Gunia likishapita mizani, haki yetu imo katika maandishi.

8. Yatupasayo

Kwa hiyo Kamati imekata shauri haya, nasi sote tuyafuate:

(a) Ujumbe wa malipo usifutwe katika simu mpaka mpokeaji akiri kwamba amepata. Namba iliyomo iandikwe daftarini siku ile ile, kwa ukamilifu wake, si tarakimu za mwisho tu.

(b) Malipo ya serikali yana kontroli namba, na hii ni namba njema kwa sababu huzaliwa kabla ya fedha kutoka. Toka mfumo wa GePG uanze mwaka 2017 namba hiyo ndiyo huwaunganisha mlipaji, benki na ofisi. Isinakiliwe kwa kusikia. Isomwe mara mbili.

(c) Mtu akilalamika kwamba fedha hazijafika, swali la kwanza la Chama lisiwe "una hakika?" bali liwe "namba yake ni ipi?"

(d) Fedha zisitumwe mara ya pili mpaka ya kwanza ijulikane ilipokomea.

(e) Saa iandikwe kwa mtindo mmoja. Daftari la Chama litaandika 10:14, si "saa nne na robo hivi."

(f) Kuanzia msimu ujao kila gunia litapewa namba kwenye mizani ya Chama, na namba hiyo hiyo itaandikwa ghalani, kituo cha kuuzia, na katika orodha ya malipo. Mwanachama ataondoka na nakala yake.

Wale wenye magunia manne yaliyoharibika wamefidiwa na Chama kutoka mfuko wa akiba, kwa kuwa kosa la kukawia halikuwa lao. Na bibi wa Kibiti amekubali kutusukia majamvi mengine 40. Rangi yetu safari hii ni kijani.

Maswali ya kujifunzia

1. Taja mikono saba iliyopokea ujumbe wa malipo katika habari hii.
2. Kwa nini benki, watu wa simu na bibi walisema kweli wote, na hata hivyo fedha hazikuonekana?
3. Eleza tofauti ya namba kuu na namba ya hatua. Katika jamvi la bibi, ipi ni rangi na ipi ni fundo?
4. Kuna hatari gani kulirudia agizo kwa namba mpya?
5. Chukua risiti yako ya mwisho ya kuuza karafuu. Je, kwa namba iliyomo waweza kulifuata gunia lako hata malipo yake? Kama huwezi, uzi umekatika wapi? Jibu la swali hili uniletee ofisini.

Wasalaam,
Katibu